Lishe ya mama na afya ya akili ya mwanafunzi: tusisubiri mpaka kliniki

Kati ya mwaka 2001 na 2004, katika kisiwa cha Lombok nchini Indonesia, wajawazito 31,290 waliingizwa kwenye utafiti mmoja mkubwa wa lishe. Baadhi yao walipewa vidonge vya madini chuma na asidi ya foliki, vile ambavyo kwenye kliniki zetu za Tanzania tunaviita FEFO. Wengine walipewa vidonge vyenye mchanganyiko wa vitamini na madini 15. Katika kundi la mchanganyiko, vifo vya watoto ndani ya miezi mitatu ya mwanzo vilipungua kwa asilimia 18. Watafiti wangeweza kuishia hapo, lakini walirudi Lombok watoto wale walipofikisha umri wa miaka 9 hadi 12, wakawapima karibu 3,000 kuona wanavyokumbuka, wanavyofikiri na wanavyojifunza.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Watoto ambao mama zao walitumia mchanganyiko walikuwa bora katika aina moja ya kumbukumbu, ile inayomwezesha mtu kumudu jambo kwa kulirudia mpaka alizoee. Tofauti yenyewe ililingana na nusu mwaka wa kukaa darasani. Jambo la pili, ambalo kwangu mimi ni zito zaidi, huwa halisemwi sana: hali ya nyumbani, elimu ya wazazi na sonona ya mama, yaani ugonjwa wa huzuni na kukata tamaa kusikoisha, vilihusiana na uwezo wa akili wa mtoto kwa nguvu kuliko vipimo vya mwili na lishe. Ndiyo kusema huwezi kumgawia mama vidonge, ukamwacha na msongo wake wa mawazo, kisha ukategemea mtoto afaulu shuleni.

Sisi tunaoshughulika na lishe tumezoea kukutana na mwanamke akiwa tayari ana kadi ya kliniki mkononi. Kwa maoni yangu tunachelewa. Mirija ya neva ya mtoto, yaani chanzo cha ubongo na uti wa mgongo, hujifunga ndani ya siku 28 tangu mimba kutungwa. Wakati huo wasichana wengi hawajajua kama ni wajawazito. Asidi ya foliki ikikosekana katika siku hizo, hatari ya mtoto kuzaliwa na mgongo wazi huongezeka, na vidonge vinavyoanza mwezi wa nne haviwezi kurudisha nyuma kilichokwisha kutokea. Shirika la Afya Duniani linashauri mikrogramu 400 za foliki kila siku, kuanzia mwanamke anapopanga kubeba mimba hadi wiki ya 12. Kwa hiyo anayepaswa kusikia somo hili mapema ni binti aliyeko chuoni au kidato cha sita, hata kama leo hana mpango wowote wa kuzaa.

Sasa tuangalie binti huyo anakula nini. Vyuoni msamiati wenyewe unajieleza: bumu, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu, likiingia watu wanakula vizuri, likikata wanapiga pasi ndefu, yaani wanaruka milo. Asubuhi ni chai ya rangi na maandazi mawili, mchana hakuna kitu, jioni chipsi kavu na soda. Anashiba, lakini kwa siku nzima hajapata madini chuma ya maana, na hayo kidogo yaliyomo kwenye chakula yamezuiwa na chai kunyonywa vizuri mwilini. Kila mwezi anapoteza mengine kwa hedhi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 42 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu.

Madini chuma hayafanyi kazi ya damu peke yake. Ubongo unayahitaji kutengeneza kemikali kama dopamini na serotonini, ambazo zinahusika na umakini, ari na hisia. Mwenye upungufu huchoka bila sababu ya kueleweka, husoma ukurasa mmoja mara tatu bila kushika kitu, huwa mwepesi wa hasira, moyo humwenda mbio akipanda ngazi. Wenzake bwenini humwita mvivu. Mwaka 2012 nchini Ufaransa, watafiti waliwachukua wanawake 198 waliolalamika uchovu, ambao akiba yao ya madini chuma ilikuwa ndogo ingawa damu yao ilikuwa bado haijashuka. Baada ya wiki 12, waliotumia vidonge vya madini chuma walikuwa wamepungukiwa na uchovu kwa karibu nusu, na waliopewa vidonge visivyo na dawa kwa chini ya theluthi. Hata kidonge kitupu kilisaidia, tukubali, lakini pengo kati ya makundi hayo mawili lilikuwa la kweli.

Kwa sababu hiyo nawaomba washauri wa wanafunzi: binti akija na uchovu, usingizi uliovurugika na kukata tamaa, msikilize, halafu mwelekeze akapime pia wingi wa damu. Kwa asiye mjamzito, chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu. Kwa mjamzito kikomo ni 11. Muulize pia kama anakula udongo. Wengi huona aibu kusema, na mara nyingi tabia hiyo huenda pamoja na upungufu wa damu.

Je, chakula kinatibu sonona? Hapa lazima tuwe wakweli. Mjini Sydney, Australia, vijana 76 wa miaka 17 hadi 35 waliokuwa na dalili za sonona na mlo duni walifuatiliwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019. Nusu walielekezwa kula mboga, matunda, samaki na vyakula vya jamii ya kunde, na kupunguza sukari na vyakula vya viwandani. Baada ya wiki tatu dalili zao zilikuwa zimepungua kuliko za wenzao. Inatia moyo, ila ni kundi dogo, muda mfupi, na kila mtu alijua anakula nini. Mwenye sonona anahitaji kuonwa na mtaalamu. Mlo mzuri unasaidia tiba na hauchukui nafasi yake.

Kwa fedha ileile ya chipsi na soda, mara nyingi unaweza kupata ugali au wali na maharage, dagaa na matembele kwa mama lishe. Kamulia ndimu au malizia na chungwa, maana vitamini C husaidia mwili kunyonya madini chuma ya mbogani. Chai iache mpaka saa moja au mbili baada ya kula. Wenye mamlaka ya kantini za vyuo nao wajue kwamba maharage na mboga za majani kuwepo kila siku, kwa bei ambayo mwanafunzi aliyeishiwa bumu anaimudu, ni suala la afya ya akili.

Kuna mama watakaosoma haya wakaanza kujilaumu kwa mtoto aliyekwisha kuzaliwa. Wasifanye hivyo. Tunajua kutokana na njaa kuu ya China kwamba katika eneo la Wuhu, skizofrenia, ugonjwa mkali wa akili unaomfanya mtu aone au asikie visivyokuwepo, uliwapata 2.15 kati ya kila 100 waliozaliwa mwaka 1960, ukilinganisha na 0.84 kati ya waliozaliwa mwaka uliotangulia. Ongezeko ni kubwa, lakini hata waliobebwa tumboni katika njaa ya kuua watu, karibu 98 kati ya 100 hawakupata ugonjwa huo. Mimba iliyopita katika dhiki haijamfunga mtoto.

Wapo pia wanafunzi ambao tayari ni mama. Tangu Novemba 2021 Tanzania inawaruhusu waliokatisha masomo kwa ujauzito kurudi shuleni, na wanaorudi wengine bado wananyonyesha. Mwili wa anayenyonyesha unahitaji takribani kalori 500 zaidi kwa siku, wakati yeye anakimbizana na ratiba, maneno ya watu na ada. Mwalimu, matroni au bibi anayemlea mtoto na amuulize mambo mawili: katika wiki mbili zilizopita umekuwa na huzuni au kukata tamaa siku nyingi? Umepoteza hamu ya mambo uliyokuwa unayapenda? Akijibu ndiyo kwa lolote, asindikizwe kituo cha afya, na apimwe damu hukohuko. Akisema anawaza kujidhuru au kumdhuru mtoto, asiachwe peke yake hata kwa dakika chache, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo.