Amonia ya bwawani: dhana potofu za wafugaji wa sato na ukweli wake

Kwenye mabwawa ya kuchimba ya Ilemela, Magu na Sengerema, mkoani Mwanza kando ya Ziwa Victoria, amonia huhesabiwa kama uchafu wa aina moja. Kumbe majini iko kwa sura mbili zinazogeukiana muda wote: amonia yenyewe, inayopenya matamvua na kuua samaki, na amoniamu, ambayo madhara yake ni madogo sana.

Dhana: Msawazo, yaani hali ya viwango vya sura hizo mbili kutulia, ukifikiwa, mmenyuko umesimama na sura hizo zimegawana nusu kwa nusu.

Hakuna kilichosimama. Amonia inageuka amoniamu, amoniamu inarudi kuwa amonia, kwa kasi ileile. Ndiyo maana viwango havibadiliki. Kwa maji ya nyuzi 25, nusu kwa nusu hupatikana pH, yaani kipimo cha uasidi na ualkali wa maji, ikiwa karibu 9.25 tu. Kwenye pH 7, sumu, yaani amonia yenyewe, ni takriban 0.6% ya jumla. pH 8, 5%. pH 9, 36%.

Dhana: Kipimo cha asubuhi kikiwa kizuri, siku nzima ni salama.

Dhana hii ndiyo ya hatari zaidi. Usiku viumbe vyote bwawani hutoa hewa ukaa, ambayo hutia maji uasidi, na pH hushuka. Jua likiwaka, mwani huinyonya hewa hiyo, na pH hupanda. Bwawa la kijani kibichi linaweza kuamka na pH 7.5 likafika 9 saa tisa alasiri. Jumla ya amonia ikiwa miligramu 1 kwa lita, sumu imepanda kutoka 0.02 hadi 0.36, na hakuna aliyeongeza kitu. Maji yakipata joto, hupanda zaidi. Vipimo vingi vya rangi husoma jumla tu, kwa hiyo pima pH na joto pia, alasiri.

Dhana: Chokaa huondoa amonia.

Haiondoi. Chokaa iliyozimwa, ile ya kupaka kuta, hurusha pH ghafla na kusukuma msawazo upande wa sumu. Iwekwe kwenye bwawa tupu. Penye samaki tumia chokaa ya kilimo: huyeyuka polepole na kwa kawaida hukomea karibu pH 8.3.

Amonia ikipanda, sitisha chakula siku moja au mbili, maana inatoka kwenye protini yake. Ongeza hewa, hasa usiku, kwa sababu bakteria wanaoibadilisha kuwa nitraiti kisha naitreti wanahitaji oksijeni. Badilisha sehemu ya maji. Ukivuta ya ziwani, vuta asubuhi: ufukwe wenye mwani mwingi nao hupandisha pH alasiri.