Goti la mtoto likivimba: yasemwayo Kisumu na yaliyo kweli

Mtoto akiamka anachechemea pale Nyalenda au Kondele, mitaa ya Kisumu, majibu hupatikana kabla hajafika kituo cha afya. Jirani atasema ni baridi, nyanya yake atasema ameanguka, muuzaji wa duka la dawa atasema malaria na kufunga vidonge kwenye karatasi. Kila mmoja wao amewahi kupatia, ndiyo maana wanaaminika.

Viungo vya mtoto huvimba kwa sababu nyingi. Kuna zinazopoa zenyewe ndani ya wiki moja au mbili, kuna inayoharibu kiungo ndani ya siku chache, na kuna inayoacha viungo salama ikaenda kukaa moyoni. Ukubwa wa uvimbe hausaidii sana kuzitofautisha. Yanayosaidia ni maswali ambayo mzazi anaweza kuyajibu akiwa nyumbani. Ni kiungo kimoja au vingi? Uvimbe umekaa mahali pamoja au unahama? Umeanza lini? Mtoto ana homa? Anakubali kukanyaga?

Dhana: Ni baridi imemwingia

Kwa jua la Kisumu mwezi wa Januari, sijui baridi hiyo hupitia wapi. Hali ya hewa haivimbishi goti la mtoto. Mwenye ugonjwa wa viungo anaweza kukakamaa zaidi asubuhi ya mvua, lakini mvua haikumletea ugonjwa. Soksi nzito na mafuta ya kuchua hazimdhuru. Hasara yake ni siku zinazopita.

Dhana: Ameanguka akicheza mpira, atapona

Watoto huanguka kila siku, kwa hiyo ukitafuta kisa cha kuanguka hutakikosa. Hii ndiyo dhana ninayoiogopa kuliko zote.

Kiungo kimoja kikivimba, kikawa cha moto, mtoto akawa na homa na hataki hata kiguswe, chukulia kwamba mna usaha ndani mpaka daktari akuhakikishie sivyo. Bakteria, mara nyingi stafilokokasi, hufika kwenye kiungo kupitia damu, wala si lazima pawe na kidonda. Usaha ule hula gegedu, lile tabaka laini linalofunika ncha za mifupa, na haungoji wiki ziishe. Kwenye nyonga hali ni mbaya zaidi: usaha ukijaa, shinikizo lake linaweza kuzuia damu inayolisha kichwa cha mfupa wa paja, na mtoto akabaki na mguu mfupi maisha yake yote.

Dawa ya usaha ni kuutoa, kwa sindano au kwa upasuaji, pamoja na antibiotiki za kupitia mshipani. Amoksilini ya dukani haimfikishi mtoto popote, na dozi nusu nusu huweza kuficha bakteria wasionekane maabara inapopima maji ya kiungo. Kwa hiyo mtoto wa namna hii asizungushwe zahanati tatu. Apelekwe siku hiyo hiyo mahali penye daktari wa upasuaji: kwa Kisumu ni hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo wazee bado wanaiita Russia, kwa walio Kakamega au Eldoret, hospitali kuu za huko.

Kuna ugonjwa unaofanana na huu ambao hauna ubaya. Mtoto wa miaka 3 hadi 10 hupata mafua, kisha siku chache baadaye nyonga inamuuma na anachechemea. Homa hana, au ni ndogo; anakula, anacheka, na baada ya wiki moja au mbili yamekwisha. Ili kutenganisha nyonga ya aina hii na yenye usaha, madaktari hutazama alama nne: homa inayozidi nyuzi 38.5, kushindwa kukanyaga, chembe nyeupe za damu zaidi ya 12,000, na kasi ya chembe nyekundu kutuama ya 40 au zaidi. Kadiri alama zinavyoongezeka ndivyo shaka ya usaha inavyopanda. Mzazi anaweza kuona mbili za kwanza bila maabara yoyote.

Mtoto mchanga hana alama hizo wazi. Pengine hana homa kabisa. Utaona tu kwamba mguu mmoja hauchezi kama mwenzake, na kila unapombadilisha nepi analia kwa uchungu.

Kwa wavulana kuna jingine. Goti likifura sana baada ya kujigonga kidogo, na hili limewahi kumtokea kabla, au alivuja damu kupita kiasi alipopashwa tohara, huenda damu yake haigandi inavyopaswa na iliyojaa gotini ni damu. Kumkanda huko kwa nguvu ni kumwongezea, na hata sindano ya msuli inaweza kumvujisha.

Dhana: Malaria imeonekana kwenye kipimo, basi ndiyo iliyovimbisha goti

Malaria huumiza mwili mzima, viungo vikiwemo, lakini haivimbishi goti moja. Ukanda huu wa ziwa una malaria mwaka mzima, na watoto wengi huwa na vimelea kwenye damu bila kuumwa. Kipimo kinaweza kuwa kweli na bado kisieleze uvimbe. Itibiwe malaria, na goti litafutiwe sababu yake.

Dhana: Maumivu yakihama, ugonjwa unatoka

Leo ni goti, kesho kutwa goti limepona na kifundo cha mguu kimevimba, kisha kiwiko. Kuna familia zitakazofurahi kwamba dawa ya kienyeji inausukuma nje. Zingine zitasema mtoto amekanyaga kitu kilichotegwa njiani. Huko kuhama ndiko alama kubwa ya homa ya rumatiki.

Huanza kooni. Mtoto, mara nyingi wa miaka 5 hadi 15, anaumwa koo kwa bakteria aitwaye streptokokasi, anapona, na wiki mbili au tatu baadaye kinga yake ya mwili inageukia viungo na moyo. Viungo vikubwa huvimba kwa zamu, kila kimoja siku chache, na huwa havibaki na kilema. Vali za moyo ndizo zinazobaki na makovu, na msemo wa kwamba ugonjwa huu hulamba viungo lakini huuma moyo una zaidi ya miaka 100. Kijana anayekosa pumzi akipanda ngazi za shule akiwa na miaka 17 huenda aliwahi kuvimba magoti akiwa darasa la tatu, na nyumbani wakasema yalipona vizuri.

Dawa kama aspirini, ibuprofeni au diklofenaki hutuliza viungo hivi haraka mno. Zikitolewa mapema hufuta nyayo: uvimbe unakoma kwenye goti kabla haujahama, na daktari anakosa alama aliyokuwa akiitafuta. Kama unaweza kungoja, parasetamoli inatosha kwa maumivu hadi mtoto atazamwe. Ugonjwa ukithibitishwa, mtoto hupewa sindano ya benzathini penisilini kila wiki tatu au nne. Hata ambaye moyo wake haukuguswa huendelea nayo miaka 5 au mpaka atimize 21, kutegemea lipi linachelewa zaidi. Ni sindano chungu, na wengi huiacha mtoto akishaonekana mzima.

Dhana: Vidole vya mtoto vimevimba kwa sababu ya jicho baya

Mtoto wa miezi 6 hadi miaka 2 akivimba viganja na nyayo, vidole vikawa vinene na hataki kushika kitu, apimwe selimundu (sickle cell), ugonjwa wa damu wa kurithi. Mara nyingi hiyo ndiyo dalili ya kwanza. Kisumu, Siaya, Busia na Homa Bay ugonjwa huu ni wa kawaida, kwa kuwa mwenye kurithi jeni moja hulindwa dhidi ya malaria kali, na jeni hilo likasambaa panapokaa malaria. Mtoto huyu akipata homa na mfupa mmoja ukauma kuliko kawaida yake, isichukuliwe tu kuwa ni uchungu ule wa siku zote: bakteria aitwaye salmonela hupenda mifupa ya wenye selimundu.

Dhana: Anaposhika goti, tatizo liko gotini

Nyonga na goti hutumia baadhi ya neva kwa pamoja, kwa hiyo uchungu wa nyonga unaweza kusikika gotini. Goti likionekana zima, nyonga ipigwe picha.

Dhana: Arthritis ni ya wazee

Arthritis ni uvimbe wa viungo, na kuna aina inayoanza kabla ya miaka 16 na kudumu wiki 6 au zaidi bila sababu nyingine kupatikana. Nyingine hizo ni pamoja na kifua kikuu, ambacho huvimbisha goti au nyonga polepole bila joto kali. Mtoto mwenye arthritis hii huamka amekakamaa, anaburuta mguu hadi saa nne asubuhi, kisha anakimbia. Ndiyo maana huambiwa anakwepa shule. Kipimo cha damu cha rumatoidi kwa watoto wengi wa aina hii hutoka hasi, na hasi hiyo haiondoi ugonjwa. Wapimwe macho pia, kwa kifaa maalumu, maana jicho linaweza kuvimba ndani bila kuwa jekundu wala kuuma mpaka uoni upungue.

Dhana: Sindano moja ya steroidi inamaliza kazi

Steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe, inaumaliza kwa siku kadhaa tu. Saratani ya damu nayo huweza kuanza kwa maumivu ya mifupa na viungo: mtoto analia usiku, uchungu unazidi uvimbe unaouona, amepauka na ana michubuko isiyo na sababu. Steroidi huipoza saratani hiyo kwa muda na kuificha isionekane kwenye vipimo. Mtoto akiwa ameshachomwa, nenda hospitalini na kichupa au karatasi ya dawa, hata kama aliyemchoma ni jirani mnayeheshimiana.