Mkono wa gia ukilegea, usikubali giaboksi ishushwe kwanza

Msimu wa korosho ukichanganya kuanzia Oktoba, gari ndogo nyingi za otomatiki zilizozoea kuzunguka Mtwara mjini huanza kupanda Newala na kushuka Masasi. Ndipo malalamiko yanapofika: "Mwalimu, gia inacheza." Dereva anasukuma mkono, unakwenda laini kama kijiko kwenye uji, gari haliitikii. Gereji ya kwanza anaambiwa giaboksi imekufa, ishushwe. Mara nyingi haijafa.

Sisi tunaofundisha ufundi wa magari huanza kwa kuwaonyesha wanafunzi njia yote. Mkono ulioushika hauingizi gia wenyewe. Unavuta kebo ya chuma iliyo ndani ya ganda la plastiki. Kebo inazungusha mkono mdogo ulio ubavuni mwa giaboksi, na huo mdogo unasogeza vali inayogawa mafuta yenye shinikizo. Kebo inapoungana na mikono hiyo kuna bushi, yaani kipete kidogo cha plastiki au mpira, nayo ndiyo mara nyingi inayotangulia kufa. Joto la injini huikausha hadi ipasuke. Kwetu pwani, hewa ya chumvi nayo hula pini na bolti zilizo jirani.

Kulegea kuna namna zake. Mkono ukitikisika kushoto na kulia lakini gia zinaingia sawasawa, angalia bolti zinazoshikilia kitako chake sakafuni, chini ya boksi la katikati ya viti, au bushi za kitako chenyewe. Hapo kukaza tu kunaweza kutosha. Mkono ukienda mwanzo hadi mwisho bila gari kubadili chochote, kebo imechomoka au imekatika. Toyota Noah za zamani na Raum, ambazo mkono wake uko juu karibu na usukani, anzia kwenye pini na bushi za huko huko juu.

Kipimo cha kwanza hakihitaji spana. Herufi zilizo kando ya mkono zinaonyesha mkono ulipo. Zile za kwenye dashibodi, kwa magari mengi, zinatoka kwenye swichi iliyofungwa giaboksi. Mkono ukisema P (ya kuegesha) na dashibodi ikasema R (ya kurudi nyuma), au isiseme kitu, mshtakiwa wa kwanza ni kebo na bushi zake. Dalili nyingine ni gari kugoma kuwaka kwenye P lakini likawaka kwenye N (gia huru).

Kisha liweke gari mahali tambarare, vuta handibreki, weka mawe mbele na nyuma ya tairi. Fungulia swichi ya ufunguo bila kuwasha injini. Mmoja akae ndani, akanyage breki na kubadilisha gia polepole. Mwingine atazame mkono mdogo wa giaboksi. Kwa gari zinazovuta kwa tairi za mbele, mara nyingi unaonekana ukifungua boneti, chini ya betri au boksi la filta ya hewa. Usipotikisika wakati wa ndani unasogea, umepata jibu.

Bushi ikibadilishwa, kebo irekebishwe. Kwa magari mengi ya Toyota, nati ya kebo hulegezwa, mkono mdogo husukumwa hadi mwisho upande wa P, kisha hurudishwa hatua mbili, ambayo ni N. Mkono wa ndani nao huwekwa N, ukashikwa kwa wepesi kuelekea R, ndipo nati inakazwa.

Waya na mpira wa tyubu vinavyofungwa mahali pa bushi mimi sivipendi. Vinakufikisha nyumbani, halafu vinasahaulika. Vali ikikaa katikati ya N na D (ya kwenda mbele), shinikizo la mafuta hupungua, klachi za ndani zinateleza na kuungua, na hapo giaboksi inakufa kweli. Mbaya zaidi, P isiyoingia vizuri haifungi tairi. Ukiegesha kwenye mteremko wa Mikindani bila handibreki, gari litaondoka peke yake.

Kebo ikichomoka njiani, usikubali mtu aingize gia kwa mkono kupitia boneti injini ikiwa inaunguruma. Gari litamfuata yeye. Wala lisikokotwe tairi zake za kuvutia zikiwa chini: pampu ya mafuta ya giaboksi huzungushwa na injini, kwa hiyo injini ikizimwa, vyuma vya ndani vinasagana vikavu. Kama ni la kuvuta mbele, tairi za mbele zinyanyuliwe, au lipakiwe lote.

Kabla hujamlipa fundi, jaribu mwenyewe: liwake kwenye P na N pekee, taa nyeupe za nyuma ziwake kwenye R, herufi za pande mbili zilingane, na kwenye mwinuko mdogo P ilishike gari. Omba pia akuonyeshe bushi iliyotolewa.