Mapumziko ya mlezi: maana yake na namna yanavyofanyika

Mapumziko ya mlezi ni mpango ambao mtu aliyeandaliwa anashika nafasi ya mzazi au mlezi wa mtoto mwenye ulemavu kwa muda unaojulikana. Muda huo unaweza kuwa saa mbili za alasiri, siku nzima au usiku kadhaa mfululizo. Mtoto anaweza kubaki kwao, kwenda kwa familia nyingine iliyofundishwa, au kukaa kituoni. Anayemshika anaweza kuwa mfanyakazi wa kulipwa, mtu wa kujitolea, hata shangazi yake. Cha msingi ni kwamba jambo limepangwa mapema na anayebaki na mtoto anajua la kufanya.

Hilo la kujua la kufanya ndilo lenye uzito. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo, yaani hitilafu ya ubongo inayovuruga mwendo na misuli, anayepata shida kumeza hawezi kuachwa kwa mtu yeyote kwa maelezo ya mlangoni. Lazima alishwe akiwa ameketi wima, kichwa kisiinuliwe nyuma, kijiko kiwe na chakula kidogo, na kingine kisifuate mpaka cha kwanza kimezwe. Akishiba asilazwe papo hapo, kwa sababu chakula kikiingia njia ya hewa kinaweza kumletea nimonia. Kama ana kifafa, anayemwangalia anapaswa kujua kwamba degedege likianza hutazama saa, humlaza mtoto kwa ubavu, hamtii kitu chochote mdomoni, na likizidi dakika 5 huita msaada wa dharura. Asiyeweza kujigeuza mwenyewe lazima ageuzwe mara kwa mara, ngozi isije ikafanya vidonda.

Mambo yote hayo kwa kawaida yamo kichwani mwa mtu mmoja, na mara nyingi mtu huyo ni mama. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuyaandika: dawa gani, saa ngapi, anakula vipi, anaonyeshaje kwamba ana maumivu, nini humtuliza. Kisha msaidizi akae na mama huku akitazama, baadaye afanye yeye huku mama akitazama, ndipo mama atoke kwa muda mfupi. Mtoto mwenye usonji, hali inayoathiri namna anavyowasiliana na kuhusiana na watu, anayetaabishwa na mabadiliko ya ghafla huenda akahitaji kuonyeshwa mapema picha ya atakayekuja. Mipango mingi huvunjika kwa sababu hatua hizi zimerukwa, halafu lawama anabebeshwa mtoto kwamba "hashikiki".

Mlezi huutumia muda huo kwa nini? Kulala, kwanza kabisa. Anayeamka usiku kumgeuza mtoto au kumpa dawa hulimbikiza uchovu ambao kikombe cha chai hakiwezi kuuondoa. Wengine huenda kutibiwa mgongo uliochoka kwa kumbeba mtoto anayezidi kukua, au kukaa na ndugu za mtoto huyo ambao wamezoea kuambiwa wasubiri.

Watu husema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na kauli hiyo humfanya mama aone aibu kuomba kupumzika. Kwa maoni yangu aibu hiyo inawaumiza watoto wenyewe. Mkono uliochoka ndio unaokosea kipimo cha dawa. Wala kupumzika si kumtelekeza mtoto, maana tarehe ya kurudi inajulikana tangu mwanzo.

Tena si fadhila. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989, kifungu cha 23, unataka msaada kwa mtoto mwenye ulemavu na walezi wake utolewe bure kila inapowezekana. Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa 2006, kifungu cha 28, unayataja mapumziko haya moja kwa moja kati ya misaada ambayo serikali inapaswa kuzipatia familia zinazoishi katika umaskini.

Pa kuanzia kuulizia ni kwa afisa ustawi wa jamii, mtaalamu wa tiba ya viungo, shule ya mtoto au chama cha wazazi. Pasipo na huduma rasmi, familia mbili zenye watoto wenye mahitaji yanayofanana zinaweza kupeana zamu. Faida yake ni kwamba hakuna anayeanza kufundishwa kumbeba au kumlisha mtoto kuanzia mwanzo.

Tahadhari moja haipuuzwi. Watoto wenye ulemavu wako katika hatari kubwa zaidi ya kudhulumiwa, hasa wasioweza kueleza kwa maneno. Ulizia habari za msaidizi kwa watu waliofanya naye kazi, rudi mara nyingine bila taarifa, na mtoto akianza kujikunyata au kukataa kula kila anapokuja msaidizi yule, sitisha mpango kwanza, maswali yafuate. Na kama anaweza kuonyesha anayemtaka, kwa neno, kwa picha au kwa kukodoa macho tu, aulizwe kabla ya mtu huyo kuchaguliwa.