Mkojo mwekundu si kubalehe: maswali ya kichocho, yutiai na vijiwe vya figo

Tuko Pemba. Mwanangu wa miaka 11 anakojoa damu. Bibi yake anasema ndiyo anabalehe, nimwache. Kweli?

Si kweli, mama, na bibi atuwie radhi. Zamani damu hiyo ilizoeleka mno kwa vijana wa kiume hata ikadhaniwa ni dalili ya ukubwa. Muulize damu inatoka lini. Mkojo ukianza safi, kisha matone ya mwisho yakawa mekundu, kwa visiwa vyetu wa kwanza kushukiwa ni kichocho, ugonjwa wa minyoo.

Ameupata wapi?

Kijitoni, bwawani au kwenye bonde la mpunga, popote penye konokono wa maji matamu. Vijidudu vinavyotoka kwa konokono hupenya ngozi kwa dakika chache, vikakua minyoo inayoishi kwenye mishipa ya damu kandokando ya kibofu. Yai la mnyoo huyu lina mwiba nchani. Likipenya ukuta wa kibofu litoke na mkojo, damu inafuata. Mayai yanayokwama ndiyo mabaya zaidi: yanaacha makovu, mrija wa mkojo unabana, mkojo unarudi nyuma na figo inavimba, pengine bila maumivu yoyote. Baharini aogelee atakavyo, konokono hao hawaishi maji ya chumvi.

Anapimwaje, na dawa ipo?

Mpeleke kituo cha afya baina ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, wakati mayai yanatoka kwa wingi. Aruke kamba kidogo kwanza, kisha akojoe kikoponi, na yale matone ya mwisho yasimwagwe chooni. Humo ndimo mayai yalimo.

Dawa ni prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito. Ni chungu, na ale kwanza. Kizunguzungu au tumbo kuuma kwa kawaida huisha siku hiyohiyo. Lakini haiui minyoo michanga wala haikingi, ndiyo maana mtoto aliyemeza dawa skuli akirudi kijitoni anaupata tena.

Mimi mkojo unanichoma. Duka la dawa wamenipa antibayotiki mara mbili, sijapona.

Usinunue ya tatu, kapime mkojo. Huenda ni yutiai, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, iliyotaka dawa nyingine, huenda ni kichocho, na antibayotiki haimgusi mnyoo. Kwa wanawake kichocho huleta pia muwasho, uchafu ukeni na damu baada ya tendo la ndoa, wengi wakadhaniwa wana maradhi ya zinaa, wakaona haya kusema. Ukiwa na homa, kutetemeka, kutapika na maumivu ya ubavu, nenda hospitali siku hiyohiyo. Mjamzito asisubiri hata dalili zikiwa ndogo.

Mume wangu kila msimu wa karafuu ubavu unamkata, unaachia, unarudi.

Hayo yanafanana na vijiwe vya figo. Anashinda juani akichuma na kuanika, maji hanywi. Anywe mpaka mkojo upauke kama maji ya dafu, isipokuwa daktari amempunguzia maji. Diklofenaki, dawa za maumivu, za kujinunulia aache, zinaumiza figo, hasa mwili ukiwa umekauka. Kijiwe kidogo mara nyingi hutoka chenyewe, ila akipata homa au mkojo ukiziba, apelekwe hospitali usiku huohuo.