Barua za vita mtandaoni: dhana potofu na ukweli

Kwenye masanduku ya nyumba za Tanga bado kuna barua za vita. Wajukuu wanaotaka kuzipandisha mtandaoni huponzwa na mambo yale yale.

Dhana: Picha ya simu inatosha.

Ukweli: Kwa kusoma, inatosha. Kwa kuhifadhi, la. Ukiituma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida inabanwa, na maandishi ya penseli iliyofifia ndiyo ya kwanza kupotea. Tumia skana ya kulaza, nukta 400 kwa inchi, au 600 kama mwandiko ni mdogo, tena kwa rangi hata kama wino ni mweusi. Nakala mama iwe TIFF, aina ya faili la picha lisilopunguza ubora. JPEG ni ya kupakia tu. Skani pande zote mbili, pamoja na bahasha. Bahasha ndiyo husahaulika, na ndiyo yenye muhuri wa posta na wa mkaguzi wa barua.

Dhana: Tarehe imeandikwa, basi iandike kama ilivyo.

Ukweli: Hapa ndipo wengi hupotea. Mapigano makubwa ya Tanga, kati ya Waingereza na Wajerumani katika Vita Kuu ya Kwanza, yalikuwa Jumatano, 4 Novemba 1914. Waingereza walirudi melini tarehe 5. Sasa barua ikisema "usiku wa Jumatano", mzee wa pwani aliyehesabu siku kuanzia magharibi anaweza kuwa na maana ya usiku wa kuamkia Jumatano, yaani kabla ya mapigano hayo. Ukidhani ni usiku baada ya mapigano, umegeuza habari yote. Mwezi nao: siku hiyo inaangukia karibu katikati ya Mfungo Tatu (Dhulhija) 1332 Hijria, na kwa sababu ya kuandama kwa mwezi, hesabu inaweza kupishana siku moja. Andika tarehe ya mwandishi neno kwa neno, kisha yako kando, ndani ya mabano ya mraba.

Dhana: Anayesoma Kurani atasoma barua za Kiswahili za hati za Kiarabu bila shida.

Ukweli: Herufi atazijua; maneno je? Katika hati za zamani herufi ya "b" hubeba pia "p", na "mb" huweza kuandikwa bila "m". Neno moja linaweza kuwa bata, pata au mbata. Irabu "i" na "e" hutumia alama moja, "u" na "o" nyingine. Nakili kwanza herufi kwa herufi, usomaji wako ufuate. Ukiandika usomaji peke yake, atakayekuja baadaye hataona ulipokisia.

Dhana: Shajara za vita za Waingereza ni daftari za siri za askari.

Ukweli: Zile zenye namba ya kumbukumbu WO 95, kwenye Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, ni taarifa za vikosi zilizoandikwa na maofisa. Usitafute humo hofu wala kumkumbuka mama.

Dhana: Aliyekuwepo hakosei.

Ukweli: Nyuki waliwashambulia watu wa pande zote mbili Tanga. Hata hivyo ilivuma kwamba Wajerumani waliwatumia nyuki hao makusudi. Kumbukumbu iliyoandikwa miaka ishirini baadaye huwa imeshakula uvumi kama huo, kwa hiyo andika lini ilitungwa.

Dhana: Barua ni yako, basi haki ni yako.

Ukweli: Karatasi ni ya aliyeipokea, haki ya maneno ni ya mwandishi na warithi wake, hadi muda wake uishe. Waulize kabla ya kupakia.

Dhana: Laminesheni huilinda barua.

Ukweli: Joto na gundi huiharibu, na haitolewi tena. Selotepu vilevile. Ng'oa pini zenye kutu polepole, kunjua karatasi, itie kwenye bahasha isiyo na asidi, na uiweke mbali na ukuta unaotoa jasho wakati wa masika.