Pima udongo na maji kabla hujachimba choo

Mtu akinunua kiwanja huku kwetu, iwe Magu, Misungwi au Sengerema, kwa kawaida huanza na kisima, hufuata nyumba, na choo huwekwa mahali palipobaki. Maji yakiwa maangavu na hayanuki, shughuli imekwisha. Maabara hukumbukwa watoto wakishaanza kuharisha. Mpangilio huo tunaomba ugeuzwe: udongo kwanza, kisha kisima na choo vipangwe kwa pamoja.

Wasukuma wana majina ya udongo wao, na mzee wa eneo atakuonyesha bila malipo. Luseni ni mchanga wa miinuko, uliotokana na granaiti hii hii tunayoiona Mwanza nzima. Itogolo una tabaka gumu chini yake. Mbuga ni mfinyanzi mweusi wa mabondeni, unaopasuka kiangazi na kunata masika. Luseni hupitisha maji upesi, ya mvua na ya chooni vilevile. Mwamba ukiwa karibu, uchafu hupita kwenye nyufa za jiwe, na humo hakuna cha kuuchuja. Kwa hiyo zile mita 30 zinazoshauriwa kati ya choo na kisima ni kiwango cha chini tu. Penye mwamba ongeza, na choo kikae upande wa chini wa mteremko. Kwenye mbuga tatizo ni jingine: shimo hujaa masika, choo kikafurika, na maji machafu yakaingia kisimani kwa juu ikiwa mdomo haukujengewa.

Sampuli ya maji ndiyo inayoharibiwa zaidi. Chupa ya soda haifai kwa kipimo cha vijidudu, hata ukiisuuza mara kumi. Chukua iliyotakaswa maabara. Kwenye pampu ya mkono, futa mdomo wa bomba, uchome kwa moto kama ni wa chuma, kisha pampu dakika tano hivi ili maji yaliyolala kwenye bomba yatoke. Fungua chupa bila kugusa ndani ya kifuniko, kinga, acha nafasi kidogo juu, funga. Iweke kwenye kasha lenye barafu (la wauza samaki linafaa, likisafishwa vizuri) na ifike maabara ndani ya saa 6, ikishindikana isizidi 24. Sampuli iliyoshinda juani kwenye buti la basi itakupa majibu, ila si ya kisima chako. Tunachotafuta ni bakteria wa kinyesi, na kwenye maji ya kunywa hatakiwi hata mmoja katika mililita 100.

Chupa ya pili ni ya kemikali. Malalamiko mengi huwa ya madini ya chuma: chai inakuwa nyeusi, shati jeupe linapata kutu. Yanaudhi, lakini si ya kuogopwa zaidi. Ogopa naitreti (kemikali itokanayo na kinyesi na mbolea) ikizidi miligramu 50 kwa lita, hasa kwa mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya unga, na floraidi ikizidi 1.5. Karibu na machimbo ya dhahabu, Geita na baadhi ya vijiji vya Misungwi, omba pia kipimo cha sumu ya arseniki na cha zebaki. Kwa arseniki, Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 0.01 kwa lita. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi hata moja kati ya kemikali hizi. Maji yakipungua sufuriani, ndivyo zinavyozidi kukolea.

Kama utalima pia, udongo wa shamba upeleke Kituo cha Utafiti wa Kilimo cha TARI Ukiriguru, pale Misungwi. Chota sehemu kama 15 kwa kupita zigizaga, kina cha sentimita 20, ukikwepa vichuguu, zizi la zamani na palipochomwa takataka. Changanya kwenye ndoo safi, anika kivulini, peleka nusu kilo. Usitumie mfuko wa mbolea.

Maji ya Septemba si ya Mei, kwa hiyo kisima kifupi kipimwe kiangazi na tena mwishoni mwa masika. Kwa kisima kirefu, kibali hutoka Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria. Mchimbaji naye mdai karatasi inayoonyesha tabaka alizopitia na kina alichokuta maji, na usimmalizie malipo kabla hajakukabidhi.